E, H, H+, 4G: Safari ya Intaneti Kati ya Meru na Embu

Ukipanda matatu pale Meru mjini kwenda Embu, usilale. Shika simu yako uangalie zile herufi ndogo juu ya skrini, karibu na betri. Stejini zitasema 4G, pengine 5G kama simu ni ya juzi. Nkubu, 4G. Igoji, 4G. Halafu barabara inaanza kuteremka kuelekea mto Mutonga na herufi zinabadilika: H+, kisha H, kisha E. Darajani huenda usione chochote. Mkipanda upande wa pili zinarudi moja moja. Mkishuka Nithi zinapotea tena. Chuka zinarudi. Thuci, hadithi ni ile ile. Runyenjes na Embu mambo ni sawa.

Mito hii yote inatoka Mlima Kenya ikikimbilia Tana, na barabara inaikata mmoja baada ya mwingine. Nimepita hapa mara nyingi sana, nikiwa na laini mbili kwenye simu, na siku moja ikaniingia akilini kwamba kila nikishuka bonde, simu yangu inarudi nyuma kihistoria. H+ ni Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 2010. E ni Kenya ya 2006. Pale chini kabisa, bila herufi yoyote, ni enzi za guka.

Matangazo hutusimulia historia ya mtandao kama ngazi: 2G, 3G, 4G, 5G, unakanyaga moja unaiacha nyingine. Huku kwetu haijawahi kuwa ngazi. Ni matabaka, kama yale ya udongo unayoyaona pale barabara ilipochimbwa. Yote yapo kwa wakati mmoja, na swali ni nani anaishi kwenye tabaka gani. Swali hilo lilinigharimu digrii, lakini nitafika huko.

Kabla ya herufi

Simu ya mkononi ilikuja Kenya mwaka 1993, kwa mfumo wa analogi, chini ya Shirika la Posta na Simu. Kifaa kimoja kiligharimu kama robo milioni ya shilingi. Kwa pesa hizo enzi hizo mtu wa Meru angenunua shamba, na shamba halikatiki katikati ya mazungumzo. Kwa hivyo kwetu simu ilibaki ile ya kibanda nje ya posta: unapanga foleni na sarafu mkononi ukiomba isizimeze.

Mwaka 1999 shirika hilo lilivunjwa. Posta ikaenda kivyake, Telkom kivyake, na Tume ya Mawasiliano ikapewa kazi ya kusimamia sekta. Mwaka 2000 Safaricom na KenCell zikaingia sokoni. (KenCell ndiyo hii hii Airtel ya leo, baada ya kuitwa Celtel, kisha Zain.) Hiyo ilikuwa 2G ya kweli: kuongea na SMS, kwa simu za bei ambayo mwalimu na mwenye duka wangeweza kujikaza wakanunua. Baadaye zikaja mulika mwizi, zile za tochi, na hapo hata shosho akawa na namba.

Kuna jambo moja la kiufundi linalofaa kushikwa mapema, kwa sababu hadithi yote inazunguka hapo. Mawimbi ya redio yana masafa. Masafa ya chini husafiri mbali na hujikunja kidogo kwenye vilima. Masafa ya juu hubeba data nyingi, lakini huchoka mapema na hayapendi kizuizi. 2G ilianza na masafa ya megahezi 900, ambayo kwa nchi ya mabonde si mabaya. Mnara mmoja mgongoni mwa kilima ungeweza kufikia vijiji kadhaa.

Waliouelewa umuhimu wake haraka zaidi ni watu wa Nyambene. Miraa haingoji. Ikishachunwa Igembe asubuhi, ina siku mbili hivi kabla ya kupoteza thamani, na ndani ya muda huo lazima ifike Nairobi na ipande ndege. Kabla ya simu, mkulima wa Maua au Laare alikuwa anapokea bei aliyotajiwa na mwenye gari. Baada ya simu, angalau aliweza kuuliza mtu wa Eastleigh soko limeamkaje. Sisemi simu ilimaliza unyonyaji, ila ilimnyima dalali uhuru wa kudanganya peke yake.

Halafu Machi 2007 ikaja M-Pesa. Huduma iliyobadilisha maisha ya watu wa Meru na Embu kuliko nyingine yoyote haikuhitaji intaneti kwenye simu yako hata kidogo. Ilikaa kwenye laini na kupita kwenye tabaka la chini kabisa la mtandao, lile la SMS. Nikisikia mtu akisema kasi ndiyo maendeleo, huwa nakumbuka hiyo.

E

Herufi za kwanza zilikuwa G, yaani GPRS, na E, yaani EDGE. Zilifika Kenya katikati ya miaka ya 2000. Hazikuwa mtandao mpya. Ni kiraka kilichoshonwa juu ya 2G, ili minara ile ile ya sauti ibebe na data. Kwenye karatasi EDGE inaweza kufika mamia kadhaa ya kilobiti kwa sekunde. Kwenye kilima cha Igoji, jioni, wakati kila mtu amerudi nyumbani, ilikuwa picha moja ya Facebook inayojitokeza kutoka juu kwenda chini, paji la uso kwanza. Unamtambua mtu kidevu kikishafika.

Tulioanza intaneti hapo tulilelewa na Opera Mini. Ujanja wake ulikuwa kwamba ukurasa haukuja moja kwa moja kwenye simu yako. Ulipita kwanza kwenye kompyuta zao, ukabanwa, kisha ukatumwa ukiwa mdogo. Bamba 20 ilikuwa inasoma magazeti wiki nzima. Mwenye haja kubwa, kama kutuma maombi ya kazi au kuangalia matokeo, alishuka Meru mjini au Embu mjini akaingia saiba, akalipa kwa dakika, jicho likiwa kwenye saa iliyo pembeni ya skrini.

Lakini hata saiba ilikuwa polepole, na sababu yake haikuwa Meru. Hadi 2009 Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya faiba ya baharini inayoiunganisha na dunia. Data ya Kenya ilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, ikashuka bara lingine, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Mwendo huo peke yake unakula karibu nusu sekunde, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Kwa hivyo hata mnara ungekuwa na nguvu namna gani, mlango wa nchi ulikuwa mwembamba kama tundu la sindano.

H

Milango miwili ilifunguka karibu wakati mmoja. Mwishoni mwa 2007 Safaricom ilipata leseni ya 3G kwa dola milioni 25, na mwaka uliofuata ikaanza kuiuza. Halafu mwaka 2009 kebo mbili zikatua Mombasa. Ya kwanza ni TEAMS, iliyotoka Fujairah kule Ghuba na ambayo serikali ya Kenya yenyewe iliisukuma, Bitange Ndemo akiwa katibu wa kudumu. Ya pili ni SEACOM, iliyowashwa Julai. EASSy ikafuata 2010. Wakati huo huo serikali ilikuwa inachimba mtaro wa faiba ya taifa, NOFBI, kuunganisha makao makuu ya wilaya za wakati huo.

Hapa ndipo mtandao wa kasi ulipoanza kuwa kitu cha mtu wa kawaida. Modemu za USB zikajaa mijini. Mwaka 2011 Huawei Ideos ikaingia sokoni kwa chini ya shilingi 10,000, na kwa wengi hiyo ndiyo Android ya kwanza kushika. Mwaka 2010 ada ya leseni ya 3G ilikuwa imeshushwa hadi dola milioni 10. Safaricom, iliyokuwa imelipa milioni 25, haikufurahi, lakini Orange na Airtel nazo zikaingia kati ya 2011 na 2012. H na H+ ni watoto wa 3G: teknolojia ile ile iliyoongezewa mbio, kutoka kilobiti mia chache hadi megabiti kadhaa kwa sekunde.

Lakini 3G ilipanda juu ya masafa ya megahezi 2100. Kumbuka nilichosema kuhusu masafa ya juu: hayapendi kizuizi. Nairobi, ambako minara imesimama karibu karibu, hilo si shida. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ambako kila familia ina kilima chake na bonde lake, ni shida kubwa. Mnara uliokuwa unafikia vijiji vitano kwa 2G ulifikia viwili kwa 3G, na kampuni haijengi mnara mwingine kwa ajili ya vijiji vitatu vya watu wanaonunua bando la bob ishirini. Ndivyo 3G ilivyokaa mijini na kando ya barabara kuu. Ukiwa stejini Nkubu, H+. Ukipanda kilomita chache kuelekea majani chai, E.

Kuna shida nyingine ambayo macho hayaioni. Mnara nao unahitaji kuunganishwa na dunia. Ulio karibu na faiba hupata bomba kubwa. Ulio mbali hupokea kwa mawimbi kutoka mnara mwingine, ambao nao umepokea kutoka mwingine, na wote wanagawana bomba lile lile. Ndiyo maana uliweza kuona H+ iliyojaa mistari yote na bado video ikazunguka tu. Herufi hukuambia habari za kipande kati ya simu na mnara. Kutoka mnarani kwenda mbele, haijui kitu.

Serikali haikuwa imelala kabisa. Sheria ya 2009 ilianzisha Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambapo kampuni za simu huchangia ili pesa zipelekwe mahali soko halitaki kwenda. Baadaye mfuko huo ulijenga minara kwenye kata ndogo zilizosahaulika nchini na kuunganisha mamia ya shule za sekondari. Lakini ulitafuta kwanza mahali ambapo hakukuwa na mtandao wowote. Kijiji chenye E kilihesabiwa kuwa kimefikiwa.

4G

Desemba 2014 Safaricom ilizindua 4G, ikianza na Nairobi na Mombasa. Miezi miwili baadaye TV za Kenya zikawa giza. Kama ulikuwa nchini Februari 2015 unakumbuka: vituo vikubwa vilizimwa wiki kadhaa kwa sababu ya mvutano wa kuhama kutoka analogi kwenda dijitali, na watu wakatukana kila mtu.

Wachache walijua kwamba matukio hayo mawili yalikuwa ndugu. TV ya analogi ilikuwa imekalia masafa mengi, na mazuri, ya chini. Ikihama, megahezi 800 zinabaki wazi. Safaricom ilipata sehemu ya masafa hayo kupitia makubaliano yaliyoambatana na kuijengea polisi mfumo wa mawasiliano na kamera. Bungeni na magazetini mkataba huo ulizua maneno mengi, na mengine yalikuwa ya haki. Lakini kwa mtu wa mlimani matokeo yake yalikuwa ya ajabu. 4G, teknolojia mpya, ilipanda juu ya masafa ya chini kuliko hata ya 2G. Yaani ilikuwa inaweza kufika mahali 3G ilishindwa.

Telkom na Airtel zikafuata 2017 na 2018. Na vijiji vingi vya kwetu vikaruka darasa: kutoka E moja kwa moja hadi 4G, bila kuonja H nyumbani.

Kama una simu ya kuiona.

2020

Machi 15, 2020, serikali ilitangaza shule na vyuo vifungwe kwa sababu ya korona. Nilikuwa mwaka wa pili kwenye chuo ambacho sitakitaja. Nikarudi nyumbani, juu ya Igoji, upande wa majani chai. Baada ya muda tukaambiwa masomo yataendelea mtandaoni.

Simu yangu ilikuwa ya mtumba, nzuri kwa macho, na ilishika hadi H+. Chuoni ilitosha. Nyumbani ilionyesha E kila siku, saa zote. Darasa la Zoom hula zaidi ya nusu gigabaiti kwa saa. Kwa E hata sauti haikuja sawasawa: mwalimu alikuwa anaongea kama mtu aliye ndani ya pipa, halafu kimya, halafu naona nimetolewa. Nikawa nasoma noti ambazo rafiki ananitumia WhatsApp usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na mnara umepumua.

Mtihani ulikuwa wa saa mbili. Unaandika kwenye karatasi, unapiga picha, unapandisha kwenye mfumo, na mfumo unafungwa saa tano kamili. Nilimaliza saa nne na dakika arobaini, nikatoka mbio hadi kwenye kilele kilicho juu ya shamba letu, mahali tulipozoea kutafuta netiweki. Kurasa sita. Ya kwanza ilipanda. Ya pili ikapanda hadi nusu. Mama alikuwa anachuna majani mistari michache chini yangu, kikapu mgongoni, na kila baada ya muda ananiuliza, "Imeenda?"

"Bado, mama."

Saa tano ilipofika ilikuwa bado.

Nisidanganye: mtandao peke yake haukunitoa chuo. Kulikuwa na karo ya muhula ambayo haikuwa imekamilika, na kurudia mitihani kulihitaji ada nyingine. Nilisema nitarudi Januari. Halafu nikasema Septemba. Wengi walioacha chuo hawakuamua siku moja. Waliahirisha tu.

Jambo linaloniuma nililigundua Desemba mwaka huo huo. Binamu yangu alikuja kutoka Nairobi na moja ya zile simu za 4G ambazo Safaricom na Google walikuwa wameanza kukopesha katikati ya mwaka, unalipa bob ishirini kwa siku. Tulipanda kilele kile kile ili apige simu ya video. Akaweka laini kama yangu. 4G, mistari miwili. Video ilikuwa safi. Nikaangalia simu yangu: E.

Miaka ikapita kabla sijaelewa nilichokiona, na nilielewa kwa kusoma historia hii ninayokuandikia. 4G ilikuwa pale juu ya majani chai. Ilikuwa inapita masikioni mwangu siku ya mtihani. Lakini simu yangu haikuijua 4G. Ilijua 3G, na 3G ya 2100 ilikuwa imekwama nyuma ya kilima. Kwa hivyo ikashuka hadi mahali pekee ilipoweza kushika, kwenye E, kwenye 2006.

Leo ukisoma takwimu utaona 4G inafikia zaidi ya asilimia 90 ya Wakenya. Naiamini. Mwaka 2020 pale kilimani mimi pia ningehesabiwa humo, na mtihani wangu ungebaki kwenye ukurasa wa pili.

Na sasa

5G ilijaribiwa Machi 2021 Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, na Oktoba 2022 Safaricom ikaanza kuiuza rasmi. Airtel ikaja nayo Julai 2023, mwezi ule ule Starlink ilipoingia Kenya. Masafa makuu ya 5G ni ya juu kuliko yale ya 3G, kwa hivyo unaweza kukisia mwenyewe itakaa wapi: mijini, kando ya barabara, na kwenye paa za wanaoweza kulipa. Serikali nayo imeahidi kilomita 100,000 za faiba na maeneo 25,000 ya Wi-Fi ya umma. Zikija, sawa. Nimejifunza kuuliza nitazishika na nini.

Hata ukiwa tabaka la juu hujatoka kwenye historia. Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalegea Afrika Mashariki nzima, mimi nikiwa na kazi ya mteja ya kuwasilisha usiku huo. Siku hizi naishi Embu mjini, kwenye nyumba ya kupanga yenye Wi-Fi tunayochangia na majirani. Naandikia watu walio mbali. Baadhi ya kazi nilizoanza nazo zilikuwa insha za wanafunzi wa vyuo vya nje. Ndiyo, najua. Cheka tu.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana na amepata nafasi ya chuo. Wiki iliyopita niliingia duka la simu hapa Embu kumtafutia simu. Kijana wa duka akaanza na kamera, megapikseli ngapi, kisha rangi, kisha ukubwa wa kioo. Nikamwomba sanduku. Nikaligeuza nyuma, kwenye yale maandishi madogo ambayo hakuna anayesoma, nikatafuta orodha ya bendi za 4G.

"Unatafuta nini, sista?"

"Ishirini," nikamwambia. Bendi ya 20 ndiyo megahezi 800.

Simu ya kwanza haikuwa nayo. Ya pili pia haikuwa nayo, na ilikuwa ndiyo ghali zaidi. Ya tatu ilikuwa ya rangi mbaya, kamera ya kawaida, na ishirini ilikuwa imeandikwa pale, kati ya 8 na 28. Nikalipa kwa M-Pesa. Ujumbe wa kuthibitisha ulikuja hata kabla sijafunga mkoba, kwa SMS, kupitia lile tabaka la chini kabisa ambalo halijawahi kunitupa.

Mdogo wangu alilalamikia rangi. Nikamwambia apande kilele kile cha nyumbani, aangalie herufi, kisha anipigie.

Alipiga kwa video. Nyuma yake niliona majani chai, na mama akipunga mkono.